Mwenye Baiskeli Hayuko Kwenye Grupu

Kuna maneno ambayo nimelipwa kuyaandika mara nyingi kuliko jina langu: "iko poa kabisa", "orijino", na "haina shida yoyote". Mimi ni mwandishi wa kujitegemea. Hapa Kisii mjini hiyo ina maana kwamba mtu akitaka tangazo, barua ya kuomba kazi, hotuba ya harusi au maneno ya kuweka chini ya picha, anajua nyumba ninayokaa kule Mwembe na anabisha. Chuo niliacha mwaka wa tatu, karo ilipokataa kupatikana, na tangu hapo naandika chochote kinacholipa. Kwa muda sasa kinacholipa zaidi ni baiskeli kuukuu.

Sizungumzii zile za gia ishirini na moja ambazo watu hupiga nazo picha Karura. Nazungumzia Black Mamba. Fremu nyeusi, ndefu, nzito, breki za vyuma badala ya waya, madigadi mapana, keria nyuma inayobeba gunia la viazi na mtoto juu yake. Zile ambazo babu yako alikuwa nayo, na kama hakuwa nayo, basi jirani alikuwa nayo na babu yako aliitamani. Sasa kuna watu wanaozitaka tena. Wengine wanafungua mkahawa Nairobi na wanataka kitu cha kuning'iniza ukutani. Wengine ni wakusanyaji wa kweli, watu wanaoweza kubishana usiku kucha kuhusu umbo la nati. Na wengine ni Wakisii walio ng'ambo, ambao wanataka ile ile waliyobebwa nayo kwenda kliniki.

Mnada wetu unafanyika kwenye grupu ya WhatsApp. Muuzaji anaweka picha, anasema bei ya kuanzia, kila dau lipande kwa angalau 500, na saa ya kufunga, kwa kawaida Jumapili saa tatu usiku. Aliye juu saa ikigonga ndiye mnunuzi. Anatuma pesa kwa M-Pesa, baiskeli inafungwa kwa kamba na mifuko, inapandishwa juu ya basi la Nairobi. Kwenye karatasi ni rahisi hivyo.

Lakini kwanza baiskeli zenyewe, kwa sababu usipozijua hutaelewa kwa nini watu wazima wanatukanana juu yake.

Ukitoka Kisii kuelekea Keroka, au ukipanda kutoka Miruka kwenda Nyamira, utajiuliza ni mwendawazimu gani aliyeleta chuma cha karibu kilo ishirini, kisicho na gia, kwenye milima kama hii. Jibu nililopewa na wazee ni kwamba wakati wa kupanda haikuendeshwa. Ilisukumwa. Unapakia ndizi, au maziwa, au gunia la pareto, unashika usukani kwa mkono mmoja na keria kwa mwingine, unasukuma mpaka juu, halafu unateremka ukimwomba Mungu na breki. Pareto ndiyo iliyonunua nyingi. Sehemu za juu za Kisii na Nyamira zililima pareto kwa wingi enzi ambazo ilikuwa ikilipa, na mtu akipokea malipo mazuri, kitu cha kwanza ambacho majirani walikiona ni mabati au baiskeli. Kisha pikipiki zikaja, hasa kuanzia mwisho wa miaka ya 2000, na Black Mamba zikapanda darini, zikaegemezwa nyuma ya jikoni, zikageuka kuwa mahali pa kuku kulala. Zilizobaki ziliuzwa kwa kilo kama vyuma chakavu. Mwaka wa 2022 serikali ilipopiga marufuku biashara ya vyuma chakavu kwa miezi kadhaa, nadhani kuna baiskeli zilizoponea hapo.

Inayotafutwa sana ni Raleigh. Kampuni hiyo ilianzia mtaa wa Raleigh, jijini Nottingham, Uingereza, miaka ya 1880, na kwa miaka mingi ikatuma baiskeli kila kona iliyokuwa chini ya Waingereza, sisi tukiwemo. Nottingham hawatengenezi tena fremu tangu 1999, na sehemu ya kiwanja cha kiwanda kile sasa ni chuo kikuu. (Hilo lilinichekesha peke yangu siku moja usiku. Mimi nimetoka chuoni nikaingia kwenye Raleigh, wao wametoka kwenye Raleigh wakaingia chuoni.) Zipo pia Hero za India na Phoenix za China, imara, lakini wakusanyaji wanazipita kama hawazioni. Hapo ndipo uongo wa kwanza unapozaliwa, maana nembo ya Raleigh, yule ndege mwenye shingo ndefu, inaweza kung'olewa kwa bisibisi na kupachikwa kwenye fremu yoyote.

Uongo wa pili uko mahali usipoonekana kwenye picha. Raleigh walikuwa na ukaidi wao: pale chini ambapo krenki inapita, mikato ya skrubu yao ilikuwa 26 kwa inchi, wakati dunia nyingine karibu yote ilitumia 24. Kwa hivyo vikombe vya beringi vya baiskeli nyingine haviingii. Sasa fikiria fundi wa sokoni mwaka wowote kati ya 1980 na juzi. Vikombe vimeisha, vya Raleigh havipatikani, vya India viko pale kwa bei ya soda mbili. Alifanya nini? Alivilazimisha kwa spana ndefu na nyundo. Baiskeli ikatembea miaka mingine kumi, na mwenyewe akamshukuru. Simlaumu fundi. Lakini kwa mkusanyaji, ile fremu imeharibika ndani kabisa, na hataijua mpaka aifungue Nairobi, ameshalipa.

Uongo wa tatu ni umri. Habu za gia tatu za Sturmey-Archer zilikuwa zikipigwa chapa ya mwaka, tarakimu mbili tu, unaona 52 unajua ni 1952. Nyingi za kwetu hazina gia, kwa hivyo hazina chapa hiyo, na namba iliyo chini ya tandiko haikupi mwaka kirahisi. Hata hivyo kila tangazo linaloletwa kwangu linataka niandike "ya 1950". Nikiuliza imejulikanaje, naambiwa, si unaona ni ya kitambo?

Mnada wa mbali una shida moja ambayo mnada wa ng'ombe hauna. Kule sokoni kila mtu anamzunguka ng'ombe, anamshika mkia, anamfungua mdomo. Kwenye simu watu kumi na wawili wanatazama kwa jicho la mtu mmoja, na huyo mmoja ndiye anayetaka pesa. Ndiyo maana mimi niliweka sharti kwa wanaonilipa: picha za ubovu zinatangulia. Kutu iliyotoboa madigadi, picha ya kwanza. Rangi mpya, sema ni mpya, na sema nani aliipaka. Kama krenki haijafunguliwa, andika haijafunguliwa. Broka mmoja aliniomba nipige picha upande wa kushoto tu. Nilizunguka upande wa kulia nikapiga, akanilipa nusu, hakurudi. Sawa tu.

Ndani ya grupu wenyewe, adabu imejengwa kwa majeraha. Kila sheria unayoiona pale ina jina la mtu nyuma yake, ingawa hatulitaji. Kwa mfano ile ya dakika tano. Zamani mnada ulikuwa unafungwa saa tatu kamili, na watu wa Nairobi wenye intaneti ya waya walikuwa wanangoja mpaka sekunde za mwisho, wanatupa dau, wamemaliza. Ndiyo mbinu ile ile ambayo watu wameitumia eBay tangu miaka ya tisini. Mtu wa Ekerenyo naye, mvua imenyesha, mtandao umekufa, dau lake linafika saa tatu na dakika mbili likiwa na alama moja ya kijivu. Huwezi kumwambia huyo kwamba amepoteza kwa haki. Kwa hivyo sasa dau lolote likiingia ndani ya dakika tano za mwisho, zinaongezwa dakika tano nyingine, mpaka kuwe kimya. Usiku mwingine tunalala saa tano, lakini angalau aliyeshindwa ameshindwa na pesa.

Halafu kuna dau la binamu. Muuzaji anaweka baiskeli, na namba moja ngeni inapandisha, inapandisha, haishindi hata siku moja, wiki ijayo inapandisha tena kwenye baiskeli za muuzaji yule yule tu. Kuna watu wanaona hii ni ujanja wa kawaida wa soko, kama kusema "mwingine ameniahidi zaidi". Siyo. Sheria yetu ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, iliyofuata ile ya Waingereza ya 1893, inasema wazi: kama haukutangaza mapema kwamba umejiwekea haki ya kushiriki, si halali wewe muuzaji kuweka dau kwenye mali yako wala kumtuma mtu akuwekee, na mnunuzi anaweza kuuhesabu mnada huo kuwa wa udanganyifu. Uingereza mwaka wa 2010 mtu aliadhibiwa na mahakama ya Bradford kwa kujiwekea madau kwenye mtandao, na moja ya alivyouza kilikuwa kibasi. Sisi hatujafika huko. Sisi tunamtoa kwenye grupu na anarudi na namba nyingine.

Lakini kinachowachoma watu zaidi ni mnada kukatwa katikati. Ijumaa baiskeli iko 14,000, watu sita wanaitaka, Jumamosi asubuhi muuzaji anaandika "imeuzwa, asanteni". Mtu amemfuata inboksi. Hapa sheria haitusaidii sana: mauzo ya mnada hukamilika nyundo inapogonga, na kabla ya hapo aliyeweka dau ana ruhusa ya kulirudisha. Kwa hivyo muuzaji anaweza kujitetea kwamba hata yeye hakuwa amefungwa. Mimi nasema amefungwa. Umewaambia watu sita wangoje mpaka Jumapili saa tatu. Wamengoja. Kuna aliyeahirisha kununua nyingine. Muda wao umeula na kumpa mtu mmoja aliyejua kupita mlango wa nyuma.

Haya yote tunayabishania vizuri sana. Tuna wasimamizi, tuna sheria kumi na moja zilizobandikwa juu, tuna watu wanaonukuu sheria ya sita kama mstari wa Biblia. Ilinichukua muda kutambua ni nani ambaye sheria zote kumi na moja hazimtaji. Zinamlinda mnunuzi dhidi ya muuzaji na muuzaji dhidi ya mnunuzi. Mzee aliyetoa hiyo baiskeli jikoni kwake hayumo. Hana simu ya kuingia WhatsApp. Wakati mwingine hajui hata kwamba kuna mnada.

Hivi ndivyo inavyokwenda. Broka anaendesha pikipiki kupita vijiji vya Nyamache au Magombo akiuliza "mko na baiskeli mzee?" Anaonyeshwa. Anaipiga teke kidogo kwenye tairi. Anasema, baba, hii ni chuma tu, nitakusaidia kwa 2,500. Wanabishana, wanaachana kwa 3,500. Wiki mbili baadaye iko kwenye grupu, imesuguliwa, 24,000.

Ninajua utetezi wa broka kwa sababu nimekaa nao, nimekula nao chapati. Wanasema: mimi nimetumia mafuta, nimezunguka vijiji kumi nikapata moja. Nimenunua tandiko, tairi, cheni. Nimebeba hatari kwamba haitanunuliwa. Na huyo mzee angeipeleka wapi? Bila mimi ingekuwa skrapu. Yote ni kweli. Na kujua kitu nacho ni mali, mimi mwenyewe naishi kwa kuuza maneno ambayo mtu angeweza kuyaandika mwenyewe. Sioni dhambi kununua kwa bei ndogo na kuuza kwa kubwa. Wachongaji wa Tabaka wanajua kwamba kiboko cha mawe kinachotoka kwao kinauzwa ng'ambo mara nyingi ya bei yake, na bado lori likifika wanapakia.

Tatizo langu ni ile sentensi moja, "hii ni chuma tu". Broka akikaa kimya kuhusu bei ya Nairobi, huo ni ukimya wa biashara, kila mtu anao. Lakini amemwambia mzee jambo ambalo anajua si kweli, kuhusu kitu cha mzee mwenyewe, katika boma la mzee, baada ya kunywa chai yake. Tungemfanya nini mtu huyo kama angesema uongo huo ndani ya grupu? Sheria ya sita, nje.

Mwezi wa nne nilipigiwa simu na kijana wa bodaboda kutoka upande wa Nyamira wa Keroka. (Mpaka wa kaunti unapita pale pale mjini, kwa hivyo wenyeji hutaja upande kama unavyotaja ghorofa.) Baba yake ana Raleigh, broka amekuja mara mbili, amefika 3,500, lakini yeye ameona kwenye simu ya rafiki kwamba zinauzwa zaidi. Nikaenda.

Mzee alikuwa amekaa nje akichambua maharagwe. Tulisalimiana bwakire, nikaulizwa ukoo wangu, nikaulizwa mama anatoka wapi, na ndipo baiskeli ikaletwa. Nikamweleza kila kitu: grupu ni nini, watu ni akina nani, hii inaweza kupata kati ya 15,000 na 25,000, mimi nitapiga picha na kuandika na kusimamia, na nitachukua asilimia kumi, ambayo nitaiandika wazi ili hata mnunuzi aione. Muuzaji atakuwa yeye, siyo mimi.

"Kwa hivyo ni mimi nitakuwa nasema?"

"Ndiyo, tata. Mimi nitaandika tu."

"Basi andika kwamba nilianguka nayo."

Akanieleza. Alikuwa anateremka na magunia, breki ya mbele ikaachia, akaingia mtaroni. Uma wa mbele ulipinda, na fundi aliupasha moto akaunyoosha. Kwa macho huoni. Nilipopitisha kidole chini ya rangi nilihisi mahali chuma kilipovimba. Uma uliopashwa moto unaweza kuvunjika ukiwa na mtu juu yake, kwa hivyo hii haikuwa habari ndogo.

Mwanawe akacheka kwa hasira. "Baba, ukiandika hivyo itanunuliwa na nani?"

"Na mtu anayejua kwamba nilianguka nayo."

Niliandika hivyo. Picha ya kwanza ilikuwa uma. Chini yake: uma ulipinda katika ajali na ukanyooshwa kwa moto, usiiendeshe kabla ya kuubadilisha. Mwaka haujulikani, mwenyewe anasema aliinunua kwa pesa za pareto mwaka ambao kifungua mimba wake aliingia darasa la kwanza. Krenki haijafunguliwa na fundi yeyote, mwenyewe anaapa. Bei ya kuanzia 6,000.

Mpaka Jumamosi ilikuwa 11,000, nikaanza kuogopa. Jumapili usiku watu wawili wakashikana. Ule muda wa dakika tano uliongezwa mara nne. Saa tatu na dakika ishirini kukawa kimya, na mtu mmoja wa Nairobi akawa ameshinda kwa 21,500. Nikaandika "umeshinda, hongera". Akajibu "asante, natuma asubuhi".

Saa nne kasoro kukaingia ujumbe inboksi. Mkisii aliye Minnesota, ambako tuna watu wetu wengi. Alikuwa kazini, mnada umempita, lakini anaitaka kabisa, baba yake alikuwa nayo kama hiyo. Anatoa 30,000, na atazituma sasa hivi.

Sikuwa na haki ya kumjibu ndiyo wala hapana, kwa sababu baiskeli si yangu. Asubuhi na mapema nikapanda matatu kwenda Keroka. Mwanawe alikuwa ameshajua, maana nilimpigia simu kusema nakuja, na alikuwa amekaa karibu na baba yake akiwa na hesabu tayari. Binti yake wa kidato cha pili alikuwa amerudishwa nyumbani kwa karo. Tofauti ya 8,500 ilikuwa inamrudisha shuleni na kubaki. Na aliongea vizuri, lazima niseme. Yule wa Nairobi hajatuma hata shilingi. Hatujui sura yake. Akiikosa hii atanunua nyingine wiki ijayo, hatapungukiwa chochote. Huyu wa Amerika ni mtu wetu, na anaijua baiskeli kwa moyo. Ni nani anayeumia?

Mzee hakumjibu. Alinigeukia mimi.

"Momura, yule wa kwanza ulimwambia nini?"

"Nilimwambia ameshinda."

"Ulimwambia kwa mdomo wa nani?"

"Kwa mdomo wako, tata."

"Basi amenunua."

Mimi sikusema kitu. Maoni nilikuwa nayo, na yalikuwa upande wa mzee: mnada ulikuwa umefungwa, hata sheria ingesema hivyo. Lakini karo haikuwa ya mtoto wangu, na mwenye mali alikuwa ameketi mbele yangu ameshaamua. Yule msichana alisimama mlangoni na kikombe cha chai mkononi, akanipa, akarudi ndani. Sijui alisikia kiasi gani.

Saa tatu na nusu pesa zikaingia kwenye simu ya mzee, 21,500 kamili. Aliniomba nimsomee ujumbe mara mbili. Akanihesabia 2,150, na hapo mwanawe akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama nisingeweza kuiacha hiyo kwa ajili ya mtoto. Nilimwambia sitaweza. Ni kodi yangu, na ni kazi niliyoifanya kwa masharti yaliyoandikwa hadharani kabla ya dau la kwanza. Alitikisa kichwa akaenda kuwasha pikipiki. Hata hivyo ndiye aliyeibeba Raleigh mpaka stendi ya basi, na hakunitoza. Nilimpa ya mafuta, akaipokea bila kunitazama.

Yule wa Minnesota alinitukana kidogo, kwa Ekegusii safi.

Wiki iliyofuata nilipendekeza sheria ya kumi na mbili: kila tangazo litaje kama muuzaji ndiye mwenye baiskeli au ni broka, na kama ni broka, mwenyewe awe ameambiwa kwamba inakwenda mnadani. Sikutaka bei ya kununulia itajwe, hiyo ni siri ya mtu na mfuko wake. Mabroka wawili walisema nataka kuwaua njaa. Mkusanyaji mmoja wa Nairobi, anayejua sheria zote, alisema hilo ni jambo la huko vijijini na grupu hii ni ya baiskeli. Msimamizi akaweka kura. Nikiandika haya kura bado iko wazi, tisa ndiyo, kumi na nne hapana, na wengine karibu mia wamesoma wakanyamaza.

Juzi yule kijana wa bodaboda alinipigia. Sikutarajia. Kuna nyingine, alisema, kwa wakwe zake kule Ekerenyo, habu ina namba, amefuta matope akaona 54. Amewaambia bei za Nairobi, wamekubali mnada, ila safari hii wanataka nichukue asilimia nane.

Nikamwambia kumi.

"Tisa," akasema, "na uma haujawahi kupinda, nimeuangalia mwenyewe."

Nikamwambia apige picha pande zote mbili, nakuja Jumamosi.